Meza Yetu Ilikuwa na Mwenyewe

"Umechelewa, Rubani. Babu yako yuko wapi?"

Hivyo ndivyo alivyonipokea mama mmoja wa Kifaransa ambaye, kwa akili zangu timamu, nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza maishani.

Alikuwa amekaa kwenye meza yetu. Meza ya mawe, chini ya misonobari, kituo cha kupumzikia kando ya barabara kuu kusini ya Bordeaux. Mbele yake tikiti zima na kisu cha kukunja.

Kukaliwa meza si kitu. Shida ilikuwa hilo jina.

Rubani ni jina nililokuwa naitwa na mtu mmoja tu duniani, babu yangu. Na Babu tulimzika mwezi wa tatu.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa mizaha. Nikianza kusimulia, watu hukaa mkao wa kucheka. Leo kaeni mkao wowote tu.

Naitwa Telmo, miaka ishirini, mzaliwa wa Esch, Luxemburg, kwa wazazi Wareno. Babu Aderito alikuwa mwashi. Baba ni fundi paa.

Huku kwetu wajenzi wote wanafunga kazi siku moja, Ijumaa ya mwisho ya Julai, wiki tatu. Ikifika jioni, nusu ya Esch iko barabarani inaelekea Ureno. Hata kinyozi anafunga, maana atamnyoa nani?

Na wote tunapita njia ileile, tunalala miji ileile, tunakula kuku wa baridi yuleyule aliyefungwa kwenye karatasi.

Babu ndiye alikuwa kiboko. Ijumaa tunalala Poitiers. Jumamosi saa tano asubuhi tuko kituo kile, meza ile. Ikiwa ina watu, Babu anawasimamia kichwani, mikono nyuma, anahema, mpaka wanaona aibu wanahama.

Tukimaliza kula ananishika mkono. "Rubani, twende tukakague tairi."

Rubani kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nashika ramani. Wajukuu tuko sita, lakini tairi nilikuwa nakagua mimi tu. Binamu zangu walikuwa wananuna hadi mpaka wa Hispania.

Mwaka huu Babu hayupo. Baba naye, mtu anayetembea juu ya mapaa ya ghorofa tano kama paka, alianguka kutoka kwenye kiti cha jikoni akibadilisha balbu. Mguu ukavunjika. Mama akabaki kumuuguza na kumcheka.

Kwa hiyo nikaendesha mimi. Mimi na Bibi Zulmira, wawili tu.

Na Bibi alikuwa na bati la biskuti mapajani. Ndani ya bati ilikuwemo ngata, kitambaa kilichosokotwa cha kuwekea mzigo begani.

Hapa nieleze kidogo, maana ndiyo roho ya habari yote.

Kijijini kwetu, Vilar de Corças, kila tarehe kumi na tano Agosti Bikira Maria anatolewa kanisani juu ya machela na kuzungushwa kijiji kizima. Machela ina ncha nne, na kila ncha ni ya nyumba moja. Ncha ya mbele kushoto ni yetu tangu zamani za babu wa Babu.

Aliyekuwa anaibeba akifa, mjane wake ndiye anayemvika mrithi ngata begani, mlangoni pa kanisa, watu wote wakiona. Lakini kabla ya kumvika anamuuliza swali moja.

"Kuna neno kati yetu?"

Kama ulimkosea, unasema hapohapo. Kama hakuna, unasema hakuna. Wanaamini kwamba mtu hawezi kumbeba Mama huku amemficha kitu mama mwingine.

Mimi nilikuwa naitaka ile ngata kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Msicheke.

Esch mimi ni Mreno. Kijijini mimi ni Mfaransa, ingawa Ufaransa sijawahi kuishi hata wiki moja. Kule kila anayekuja na gari lililojaa vumbi Agosti ni Mfaransa. Chini ya ile machela tu ndipo ningeitwa mjukuu wa Aderito, basi, bila maneno mengine.

Binamu yangu Duarte, ambaye hajawahi kuhama kijiji, alikuwa anaitaka pia. Ila Bibi alishaniahidi.

"Nifikishe salama, mume wangu wa akiba," aliniambia tulipotoka Esch, "na bega litakuwa lako."

Bibi ndivyo anavyonitania, mume wa akiba. Tangu msiba alikuwa hajatania mtu. Kusikia vile nikakanyaga mafuta kwa raha.

Basi tukafika kituoni Jumamosi saa tano na dakika ishirini. Bibi akaenda msalani, foleni ya akina mama ilikuwa inafika kwenye maegesho. Mimi nikabeba kikapu kwenda mezani, ndipo nikapokelewa na lile jina.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza yule mama.

"Umesahau? Aiskrimu ya limau. Nyingine zote ulikuwa unazikataa."

Nikakiweka kikapu chini.

Ni kweli. Tulipokuwa tunakwenda kukagua tairi, tulikuwa tunapitiliza gari letu na kwenda upande wa malori. Na kule alikuwepo mama mmoja aliyekuwa ananipa aiskrimu. Mimi nalamba, wao wanaongea. Nilidhani anauza.

Nilikuwa sijamwona tangu utotoni, na leo mvi zilimjaa, ndiyo maana sikumtambua.

"Babu amefariki," nikasema. "Machi."

Hakulia. Alikikunja kile kisu, akakikunjua, akakikunja tena.

"Machi," akasema. "Na mimi nimenunua tikiti."

"Ulikuwa nani wake?"

"Angalia hii pua, usinichoshe."

Nikaiangalia. Ilikuwa pua ya Babu, ya baba yangu, na hii yangu ninayonyoa ndevu chini yake kila asubuhi.

Anaitwa Maite. Kabla ya Luxemburg, Babu alifanya kazi miaka mitatu huko misonobarini, kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Bibi alikuwa kijijini anamlea baba yangu na kusubiri barua. Na Maite akazaliwa.

"Nilikuwa na baba saa moja kwa mwaka," akaniambia. "Na nusu ya hiyo saa alikuwa anaangalia nyuma."

"Na mimi nilikuwa naletwa kufanya nini?"

Alinitazama kwa huruma fulani hivi, na huruma yake ndiyo iliyoniua.

"Wewe ulikuwa ruhusa yake. Mzee akiondoka na mtoto mkononi, nani atamfuata?"

Wajukuu sita, mimi peke yangu nakagua tairi. Miaka yote najitapa kwa binamu zangu kwamba mimi ndiye kipenzi. Kumbe nilikuwa pazia, na bei yangu ilikuwa aiskrimu ya limau.

Nilitamani Babu awe hai, nimsimamie kichwani na mimi, mikono nyuma, niheme mpaka aone aibu.

"Sijaja kuvunja nyumba ya mtu," Maite akasema. "Bibi yako mwambie, usimwambie, shauri lako. Mimi nataka kujua kaburi liko wapi tu. Kijiji chenu hakuwahi kunitajia jina."

Nikafungua mdomo, nikaona Bibi anakuja, anakausha mikono kwa gauni lake jeusi.

"Nani huyu, mume wangu?"

Hapo. Hapo ndipo ningesema.

"Anauliza njia ya Dax, Bibi," nikasema. "Nimemwambia akitusubiri sisi tumjulishe njia atafika Krismasi."

Bibi akacheka kidogo. Akamgeukia Maite, akamwambia kwa Kifaransa chake cha miaka arobaini na kitu ya kufagia ofisi za watu, "Kaa, mwanangu. Njia haikimbii. Kula kwanza."

Akatandika kitambaa. Akatoa kuku, mkate, na katlesi za ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Tukala, watatu, kwenye meza ya Babu.

Maite akapasua tikiti. Alilipasua kwa kuvuta kisu kuelekea kidole gumba, akagawa vipande, kisha akachukua kipande laini cha mkate, akapangusa kisu nacho, akakila.

Nikapaliwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya Babu, siku zote.

Bibi alikuwa anakitazama kile kisu. Akatafuna mpaka mwisho, akameza.

"Sisi tunakwenda mbali," akamwambia Maite. "Vilar de Corças. Ukivuka mpaka unashika njia ya Vinhais, halafu unatafuta kanisa lenye mnara uliopinda."

Nikajua ni maneno ya kizee tu, wazee wakiwa safarini wanamwambia hata mkata tiketi wanakotoka.

"Vilar de Corças," Maite akarudia, taratibu.

Tulipoagana akanishika bega. "Safari njema, Rubani."

Nikamtupia Bibi jicho. Alikuwa anakung'uta makombo kwenye kitambaa. Nikajipa moyo kwamba hakusikia, sikio lake la kushoto lina matatizo.

Tukaingia barabarani. Kilomita mia nane zilikuwa zimebaki.

Tulipopita Vitoria, Bibi akauliza, "Yule mama alikuwa anataka nini hasa?"

"Njia ya Dax, Bibi."

"Hm."

Kilomita mia moja zikapita. Karibu na Burgos akasema, macho yake nje, "Gari lake lilikuwa na kibandiko cha duka la Dax."

"Labda alilinunua la mtumba."

"Labda."

Nikawasha redio. Akaizima.

Zamora ilibaki nyuma, jua linaelekea milimani, mashamba ya ngano yamevunwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa. "Telmo, una la kuniambia kabla hatujavuka mpaka?"

Hakusema mume wangu. Alisema Telmo. Mjinga gani hakusikia tofauti hiyo? Mimi hapa.

"Ninalo, Bibi. Nina njaa, na supu yako ya kabichi naiota tangu Juni."

Akaliweka bati vizuri mapajani.

Nijitetee kidogo. Nilikuwa naona namlinda. Mjane wa miezi minne unamwambiaje kwamba mzee aliyemlilia mpaka sauti ikakauka alikuwa na mtoto barabarani? Na nisiwadanganye, kulikuwa na lingine. Nikilisema, na mimi nimo ndani yake. Nani ataamini kwamba nilikwenda miaka yote ile na sikujua? Ngata ingekwenda kwa Duarte.

Basi nikala buyu. Siku ya kwanza, siku ya pili, karibu wiki tatu nzima.

Nilimchotea maji, nikampakia kuni, nikampeleka kaburini kila Jumapili. Kila tulipokuwa kaburini, alikuwa anasimama muda mrefu, kisha ananitazama. Mimi natania. "Babu anasema ua hilo limekaa upande." Hacheki.

Duarte naye hakuniacha. "Mfaransa, bega hilo la kubebea simu litamweza Mama wa Mungu?"

"Litaweza. Si nimekubeba wewe utoto mzima?"

Tarehe kumi na nne alasiri tulikwenda mtoni kuogelea, vijana wote wa Agosti. Nilirudi jioni nikakuta jikoni kuna vikombe viwili vya kahawa vimeoshwa, vimefudikizwa. Sikuuliza.

Asubuhi ya kumi na tano kengele zikalia. Bendi ya matarumbeta ilikuwa imeshajipanga, wamelowa jasho kabla hata ya kupuliza. Kijiji kizima mlangoni pa kanisa. Machela ipo, Mama yuko juu yake amezungukwa na maua, ncha tatu zina wenyewe tayari. Ya mbele kushoto ilikuwa wazi.

Bibi akasimama na bati lake. Mimi mbele yake, shati jeupe, nimenyoa.

Akafungua bati. Akatoa ngata, nyeusi kwa jasho la Babu na la baba yake.

"Telmo, mjukuu wangu. Kuna neno kati yetu?"

Duarte anatafuna mdomo.

Nilimtazama machoni. Yalikuwa yananiomba, sasa najua. Wakati ule niliona ni machozi ya sikukuu tu.

"Hakuna, Bibi."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mtungi.

Halafu akageuka. Akanizunguka kama nguzo, akawaendea akina mama waliojifunga vitambaa vyeusi, akamshika mmoja mkono na kumleta mbele. Kitambaa kilikuwa cha Bibi. Pua ilikuwa yetu.

"Maite," Bibi akasema, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kireno ili kijiji kisikie. "Kuna neno kati yetu?"

"Lilikuwepo," Maite akajibu. "Jana nilikugongea mlango nikalisema."

"Uliniambia nini?"

"Kwamba mimi ni mtoto wa Aderito."

Mmeshawahi kusikia kijiji kizima kikivuta pumzi mara moja? Hata padri alisahau kufunga mdomo. Mpiga tarumbeta mmoja akatoa mlio kwa bahati mbaya.

Bibi akamvika ngata.

Duarte akaguna, "Mwanamke?"

"Anabeba magogo tangu ana miaka kumi na sita," Bibi akamjibu bila kumtazama. "Wewe unabeba nini, Duarte, zaidi ya maneno?"

Machela ikainuka. Ncha ya mbele kushoto haikuyumba hata kidogo.

Mimi nilipewa chupa za maji za wabebaji. Nikafuata nyuma, na wazee na mishumaa.

Baada ya chakula nilimkuta Bibi uani, anachambua maharage kana kwamba ni siku ya kawaida.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Alipokuita Rubani. Sikio langu la kushoto ndilo baya. Yeye alikuwa kulia."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme mimi?" Akatupa haragwe bovu. "Nilikaa na mwanamume miaka hamsini na saba hakunifungulia mdomo. Nikasema labda huyu mdogo atanifungulia. Nikakupa kilomita mia nane. Ukaniomba supu."

"Bibi, nilikuwa mtoto. Nilikuwa najua aiskrimu tu. Haki ya Mungu sikujua."

"Kila mwaka ulikuwa unarudi umejipaka limau mdomoni, unacheka. Nitajuaje ulichojua na usichojua? Ungeniambia palepale mezani, ningekuamini." Sauti yake ikakatika kidogo, akaikohoa. "Nilikuwa nakutania tu kukuita mume. Sikutaka uige mpaka hapo."

Nilitafuta mzaha. Naapa niliutafuta, mifuko yote. Haukuwepo.

Likizo ikaisha. Nilidhani atarudi na basi, au na jirani. Hapana. Asubuhi alitoka na mkoba wake, nikamfungulia mlango wa mbele kama kawaida.

Akaufunga. Akafungua wa nyuma, akaingia, akakaa katikati, akavaa mkanda.

Kilomita elfu moja na mia tisa nilimwona kwenye kioo tu. Hakunisema vibaya hata mara moja. Alikuwa anasema asante tukisimama, na tafadhali akitaka maji, kama anavyosema kwa dereva wa teksi.

Mtaniuliza nimejifunza nini, maana najua mko hivyo.

Siri ya mtu mwingine ukiikalia, inakushika harufu. Anayeumia hatauliza nani aliianza, ataukuta mkono wako tu. Kama unampenda mtu, mwambie likiwa bado la moto, hata likikuunguza mdomo, maana likipoa linakuwa lako.

Babu alinisaliti nikiwa mtoto, na sijamsamehe. Lakini Bibi nilimsaliti mwenyewe, mtu mzima, macho makavu, na leseni ya udereva mfukoni.